Mapitio: Kitabu cha James Gurney kwa wachoraji wa majoka

Color and Light, kitabu cha Mmarekani James Gurney kilichotoka mwaka 2010, kinamfaa sana mchoraji wa majoka na viumbe wengine wa kubuni, kwa sababu kinaeleza mwanga unavyofanya kazi badala ya kutoa kanuni za kukariri. Sehemu iliyonivutia zaidi ni ya mwanga unaopenya ngozi: sikio au utando wa bawa, jua likiwa nyuma yake, hung'aa kwa wekundu wa damu, na anayepaka hapo kivuli cheusi humwondolea kiumbe wake uhai. Anatomia, hata hivyo, si somo lake, hivyo anayetaka kujua bawa la joka lishikane vipi na bega atafaidika zaidi kwa kuchunguza mifupa ya popo.