Uzoefu wangu na mafunzo ya video kwa wahasibu na washauri wa biashara

Mimi ni mhasibu na mshauri wa kodi jijini Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya wateja wangu ni wafanyabiashara wadogo na wa kati wa Kariakoo na Tegeta. Mteja akiketi mbele yangu ninamweleza Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) bila kusita, lakini nikiwashiwa kamera sauti ilikuwa inapwaya na maneno yananiishia. Kwa sababu hiyo nilijiunga na mafunzo ya kutengeneza video yanayotolewa na kampuni moja ya hapa mjini kwa ajili ya wahasibu, wanasheria na mawakala wa bima. Ada yake inakaribia ile ninayomtoza mwenye duka dogo ninapomwandalia hesabu za mwaka, kwa hiyo nilikwenda nikiwa na matarajio makubwa, na katika jambo moja yametimia kuliko nilivyofikiri.

Kuhusu vifaa sina mengi ya kusema. Tulifundishwa kutumia simu ya kawaida kwenye stendi, kamera ikiwa usawa wa macho, na maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, shubiri moja hivi chini ya kidevu. Jambo lililonisaidia zaidi ni kurekodi kwa kamera ya nyuma ya simu, kwani ubora wake kwa kawaida ni mzuri zaidi na, muhimu kuliko yote, hujioni unapozungumza. Mtu anayejitazama kwenye kioo cha simu huanza kurekebisha mtandio na kuchunguza uso wake, na hesabu inampotea.

Thamani halisi ya mafunzo haya iko katika zoezi la maswali. Mkufunzi aliichukua karatasi niliyoandika maneno yote ya kusema, akaniachia kadi yenye mambo matatu tu, kisha akaketi nyuma ya kamera akijifanya mwenye duka la vitambaa. Mada niliyochagua ilikuwa bei ambayo VAT imo ndani yake. Niliandika 118,000 kwa kalamu nene kwenye karatasi nyeupe na kueleza kwamba kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 cha Tanzania Bara, kodi iliyomo humo ni shilingi 18,000. Kabla sijaendelea akanikatiza: "Sasa dada, mimi nikipiga asilimia 18 ya 118,000 napata 21,240. Hizo nyingine zimekwenda wapi?"

Swali hilo nimeulizwa na wateja mara nyingi, na jibu likatoka lenyewe. "Hazijakwenda popote, kaka. Hiyo 118,000 tayari imebeba kodi, kwa hiyo ukiipigia asilimia 18 unatoza kodi juu ya kodi. Gawanya kwa 118, kisha zidisha kwa 18." Nikaifanya hesabu hiyo kwa mkono, mstari kwa mstari, huku kamera ikionyesha karatasi. Tofauti ya shilingi 3,240 kwa bidhaa moja ni kubwa kwa mtu anayeuza majora kwa majora, na nilipokuwa nikiieleza sikukumbuka kabisa kwamba ninarekodiwa. Tuliporudia kuitazama video, hata mimi niliona kwamba anayezungumza anaijua kazi yake. Tangu hapo kila video yangu huanza na swali ambalo mteja ameniuliza kweli, na ninaamini kwamba kwa mtaalamu ujasiri wa kamera hujengwa hapo, katika kulijua swali litakalofuata, kuliko katika mafunzo yoyote ya kutabasamu.

Ndiyo maana somo la mwonekano lilinikera. Tulishauriwa kupiga video katika ofisi ya kukodi yenye viti vya ngozi, kunyanyua mikono kwa namna fulani, na kupandisha video mpya kila siku. Mfanyabiashara anayetafuta msaada kuhusu ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya kila mwezi, ambayo inatakiwa kuwasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, anahitaji maelezo sahihi, na viti havimsaidii. Kupandisha video kila siku nako kunamlazimisha mhasibu azungumzie mambo ambayo hajayasoma vizuri. Somo la uhariri lilikwenda mbio mno, na nililazimika kumwomba mpwa wangu anielekeze upya nyumbani.

Pengo lililonisikitisha zaidi ni kwamba hakuna aliyegusia wajibu wa mtaalamu kwa yale anayoyaacha mtandaoni. Sheria za kodi nchini hubadilika karibu kila mwaka kupitia Sheria ya Fedha, ambayo kwa kawaida huanza kutumika Julai 1. Mathalani, mwaka 2023 kiwango cha mauzo ya mwaka kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili kwa VAT kilipandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200, hivyo anayetazama leo maelezo yaliyorekodiwa kabla ya hapo anaweza kupotoshwa na mtu aliyesema kweli wakati ule. Mimi hutaja mwezi na mwaka mwanzoni mwa kila video, na kila Juni, Bunge likishapitisha bajeti, huzipitia zote na kuziondoa zile zilizopitwa. Vilevile sionyeshi ritani wala risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti) ya mteja yeyote, hata jina likiwa limefichwa, kwa kuwa Kariakoo watu hutambuana kwa aina ya mzigo na kiasi cha mauzo.

Wateja wapya wanaokuja sasa huwa wameshanisikiliza kabla ya kupanda ngazi za ofisi, na mazungumzo yetu huanzia mbali zaidi kuliko zamani. Kwa mhasibu mwenzangu anayefikiria kujiunga na mafunzo ya namna hii, ushauri wangu ni aulize kabla ya kulipa kama kuna zoezi la kuulizwa maswali na mtu anayemkatiza, na muda gani umetengwa kwa ajili yake. Kama jibu ni nusu saa ya mwisho baada ya somo la mavazi, fedha yake aibakize.