Dizeli au petroli? Mashine ya kununua kwa boti ya Nyumba ya Mungu

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wasimamizi wa nishati, wakishatoa bei kikomo za mafuta, simu yangu huanza kuita. Watu wa Moshi wanajua nina boti kule kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na swali ni lile lile: "Dizeli imeshuka, nibadili mashine?" Mwezi unaofuata petroli ikishuka, anapiga mwingine. Wote nawajibu kwamba bango la sheli halichagui mashine. Bei ya lita inabadilika kila mwezi, ila mashine ukishaifunga, unywaji wake ni ule ule miaka yote.

Tufanye hesabu. Chukua petroli 3,000 kwa lita na dizeli 2,950. Hizo ni namba za mfano. Za mwezi huu piga *152*00#, hailipiwi. Boti ya mbao yenye watu wanne na nyavu zao inatembea vizuri kwa nguvu ya farasi 8. Kwa kazi hiyo, mashine ya petroli ya fostroku, isiyochanganyiwa oili kwenye petroli, hunywa kama lita 2.5 kwa saa. Ya tustroku, ile ya kuchanganyia oili kwenye petroli, inafika lita 3.4 hivi. Ya dizeli inaridhika na 1.7. Saa moja majini inakuwa shilingi 7,500 kwa fostroku, 10,200 kwa tustroku kabla hujanunua oili, na 5,015 kwa dizeli.

Sasa angalia. Zile shilingi 50 za kwenye bango, zilizomtoa mtu usingizini anipigie simu, kwa saa nzima ni shilingi 85. Tofauti inayoletwa na mashine yenyewe ni karibu 2,500. Hata mwishoni mwa 2022, dizeli ilipopanda juu ya petroli baada ya vita vya Ukraine kuvuruga soko, hesabu haikupinduka: weka dizeli 3,150 na petroli iache 3,000, saa ya dizeli bado ni 5,355. Lita ya dizeli ni nzito zaidi na ina nishati nyingi zaidi, kisha mashine yake inakandamiza hewa kwa nguvu na kuyatumia mafuta vizuri.

Halafu kwenye kila lita, iwe dizeli au petroli, kuna tozo ya barabara, na mwaka 2023 serikali iliongeza shilingi 100 nyingine. Boti yangu lami iliikanyaga siku moja tu, tena ikiwa juu ya Fuso.

Mashine nimezipanga kuanzia ninayoipendekeza zaidi, nikimfikiria mtu kama wengi wanaonipigia: anakaa Moshi au Arusha, ana boti bwawani, anaingia majini wikiendi. Mvuvi wa kila siku nitamfikia.

Ya kwanza: petroli, fostroku, farasi 9.9 hadi 15

Kwa mtu wa wikiendi hii ndiyo yenyewe. Ukiingia majini Jumamosi mbili kwa mwezi, saa nne nne, unakuwa na saa 8. Dizeli ingekuokolea shilingi 20,000 hivi kwa mwezi mzima. Hela hiyo haitoshi kuvumilia kelele, mtetemo na moshi, wala kubeba chuma kizito hivyo. Fostroku unaifunga kwa skrubu mbili nyuma ya boti, ukimaliza unaifungua, wawili mnaibeba hadi kwenye gari. Bwawani usiache mashine usiku. Hilo halina mjadala.

Ubaya wake ni bei ya kuanzia, tena kabureta yake haipendi kusahauliwa. Petroli ikikaa miezi miwili mitatu inaanza kuacha utando, na jeti za kabureta, vitundu vya kupitishia petroli, ni ndogo kama tundu la sindano. Bwawa limewahi kufungwa kwa uvuvi kwa muda mrefu, na waliowahi kuacha mashine na mafuta ndani walipofunguliwa walianza na fundi. Kabla ya kuiweka, chomoa mpira wa tenki na uiache mashine iungurume mpaka izime yenyewe.

Jambo jingine: bwawa liko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi inakula kama asilimia 7 ya nguvu. Ukiwa kati ya farasi 8 na 9.9, chukua 9.9.

Ya pili: dizeli ya silinda moja (kwa mvuvi, hii ni ya kwanza)

Unaijua. Ni ile ile ya mashine ya kusaga, ya kuwashwa kwa hendeli, yenye tenki la maji juu linalotokota kama sufuria ya uji. Mafundi wa bwawani wanaifunga katikati au nyuma, wanaiunganishia shafti ndefu na propela, basi. Asubuhi ya giza ukisimama ufukweni upande wa Lang'ata unaisikia kabla hujaiona: mtu anainama, anazungusha hendeli mara tatu nne, anaachia kidude cha kupunguza mkandamizo, tu, tu, tu, halafu bomba linatema moshi mweusi usoni mwa anayeshika kamba. Maji yakipungua kwenye tenki, anachota ya bwawa kwa kopo na kujazia. Siku moja mmoja aliiangalia ya kwangu, akacheka: "Mangi, hiyo yako ni ya harusini."

Ana haki ya kucheka. Yeye anaingia majini saa 5 kwa siku, siku 25, jumla saa 125. Kwa hesabu yetu ya juu, dizeli inamwachia mfukoni kama 310,000 kila mwezi. Spea zinapatikana popote penye mashine ya kusaga, na fundi wa nozo na pampu humkosi Mwanga wala Moshi mjini. Dizeli pia haishiki moto kirahisi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia chini ya mbao za boti ukisubiri kiberiti cha mtu. Dizeli inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 ndipo itoe mvuke wa kuwaka.

Yenye farasi 12 ina uzito wa zaidi ya kilo 100, na mtetemo wake unalegeza misumari na kalafati. Kama boti yako ni ya mbao nyembamba au ya faiba, usijaribu. Na ukishaifunga, imefungwa: huendi nayo nyumbani.

Dizeli inavumilia kukaa kuliko petroli, ila maji ndiyo adui yake mkubwa. Acha tenki likiwa limejaa, maana tenki tupu usiku linatoa umande ndani. Kabla ya kumimina, weka dizeli kwenye chupa nyeupe, subiri dakika kumi. Ukiona mstari chini, hayo ni maji, na pampu ya dizeli haisamehi maji.

Ya tatu: petroli, tustroku

Nyepesi, rahisi kutengeneza hata na mtu aliyejifunza kwa pikipiki, na ya mtumba bei yake inavutia. Hapo sifa zimeisha. Lita 20 zinahitaji mililita 400 za oili kwa mchanganyo wa 50 kwa 1, na oili iwe ya mashine za majini, siyo uliyobakiza ya gari. Nimeona watu wakipima kwa kizibo cha soda na kukisia. Ukipunja oili silinda inakwaruzika, ukizidisha plagi inalowa. Soma kitabu cha mashine yako, maana nyingine zinataka 100 kwa 1.

Nilianza na hii. Jumapili moja niliishiwa petroli nikanunua ya kwenye chupa hapo hapo ufukweni, kwa bei ya juu kuliko ya Moshi. Tulifika katikati, ikakohoa, ikazima. Ilikuwa imechakachuliwa kwa mafuta ya taa. Tulipiga kasia saa mbili na nusu, na shemeji yangu hakuongea nami mpaka tulipofika Kiboriloni. Tangu siku ile nadondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi inakauka bila kuacha doa la mafuta.

Siku hizi nanunua Moshi, na risiti nadai. Mafuta ya kaskazini yanashushwa bandari ya Tanga, ndiyo maana EWURA wana bei ya Dar, ya Tanga na ya Mtwara. Kila kilometa ya lori inaingia kwenye bei, hivyo wa Arusha kwa kawaida mnalipa kidogo zaidi yetu. Nenda na dumu la chuma, maana la plastiki unaweza kukataliwa.

Ya mwisho: mafuta ya taa

Kuna mashine zinazowashwa kwa petroli kisha zinahamia mafuta ya taa. Zamani zilikuwa na maana. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuua uchakachuaji, na unafuu wake ukafia hapo. Usinunue.

Ukinunua ya mtumba

Usiende na hela yote mkononi. Iweke mashine kwenye pipa la maji, iwashe, uangalie kama inatema maji ya kupoza kwa nguvu kutoka kwenye kitundu cha nyuma. Ingiza gia mbele na nyuma. Fungua oili ya gia. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Kichwa chake kiguse kabla haijawashwa: kiwe baridi. Muuzaji akikuambia ameiwasha asubuhi "ili isikusumbue", mwambie utarudi kesho, na usimwambie saa ngapi.