Gemu ya nyambizi iliyoniulia mabaharia wote kwa kugusa mchanga

Ningeandika maoni haya jana usiku, nisingetoa hata nyota moja. Leo nimetulia kidogo, basi nitoe mbili. Gemu hii nimeicheza kwa miezi, nimevuka nayo Atlantiki mara nyingi, na kwenye maji ya kilindi sina neno nayo. Shida inaanza ukisogea pwani.

Nilikuwa kwenye kampeni ya Vita vya Pili vya Dunia, mwishoni mwa 1944, nahodha wa nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VIIC, kazi yangu kuvizia msafara wa meli karibu na pwani ya Uingereza. Ramani ilionyesha mita 32. Ukiinua periskopu, ile darubini ya kuchungulia juu ya maji, mkuku, yaani uti wa chini kabisa wa chombo, tayari uko mita 13 au 14 chini, kwa hiyo unabakiwa na mita 18 tu za kujificha. Kwenye maji ya kilindi ungeshuka mita 150 ukaacha mabomu ya kina, yale yanayotupwa na meli kulipuka chini ya maji, yapasuke juu yako. Hapa hata kuzama kwa haraka ni hatari: chombo kina urefu wa mita 67, ukiinamisha pua nyuzi 10 tu, pua inatangulia karibu mita 6 chini ya katikati ya chombo. Anayezama kwa pupa anachimba tope kwa pua huku nyuma bado hakujafunikwa vizuri.

Na hapa lazima niwape watengenezaji haki yao: kutisha huko wamekuweza. Nilifyatua torpedo mbili, moja ikapiga, manowari tatu za kusindikiza zikanigeukia. Mlio wa sona, chombo cha kutafuta nyambizi kwa mwangwi wa sauti, ukaanza kugonga ubavu wa chombo, ukagonga sakafu ya bahari, ukarudi umevurugika. Ndivyo ilivyokuwa kweli kwenye maji mafupi: mwangwi unatoka kila upande, na mabaki ya meli zilizozama yanamdanganya anayekuwinda. Nilikaa nimeshika kipanya bila kupumua. Kwa dakika zile arobaini ningewapa nyota tano bila kufikiri.

Nikaamua kufanya walichofanya manahodha wa wakati ule katika pwani ileile: kulala chini. Unazima injini, unatulia kwenye mchanga kama mabaki ya meli, unasubiri wachoke. Mwaka ule na mwanzoni mwa 1945 nyambizi nyingi za Kijerumani zilijilaza hivyo, na Waingereza walitaabika kweli kuzitofautisha na mabaki. Nilijaza maji kwenye tangi kidogo kidogo, mwendo karibu sifuri, chombo kikiwa sawa kama maji kwenye beseni. Ramani yao wenyewe iliandika pale ni mchanga.

Mkuku ukagusa. Skrini ikawa nyekundu. Uharibifu asilimia 100, mabaharia wote wamekufa, kampeni imekwisha.

Mchanga! Siyo jabali, siyo bomu, mchanga, tena kwa mwendo wa konokono. Nimerudia mara sita kutoka pale nilipohifadhi. Mara zote sita nimekufa vilevile. Gemu haijui tofauti ya tope, changarawe na mwamba. Kwake sakafu ya bahari ni ukuta wa zege.

Nikawaandikia watengenezaji kwa adabu, nikawapa na faili. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, mstari mmoja: maji mafupi ni hatari kwa nyambizi, tafadhali cheza kwenye maji marefu. Yaani mtu aliyelipia gemu ya nyambizi anafundishwa kwamba nyambizi huzama. Hata salamu hawakuweka.

Najua ni hatari! Oktoba 1944 nyambizi ya Marekani USS Darter ilipanda mwamba usiku karibu na kisiwa cha Palawan, Ufilipino, ikakwama hapohapo, ikabidi waiache. Lakini tazama vizuri: ilipanda mwamba, ikienda juu ya maji kwa kasi, na mabaharia wake wote wakaokolewa na nyambizi mwenzake, USS Dace. Hawakufa kwa kuguswa na mchanga. Nahodha hapaswi kuadhibiwa kwa kutulia.

Halafu gemu yao haina kupwa wala kujaa. Kwenye mlango wa bahari wa Bristol, magharibi mwa Uingereza, maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita 12, na kwa anayejificha kwenye mita 32 hizo ndizo uhai wake. Kwenye gemu maji yamesimama tu, mchana na usiku. Maji baridi ya mtoni nayo hayamo, yale yanayofanya chombo kiwe kizito ghafla ukikaribia mdomo wa mto. Waliotengeneza sauti nzuri namna ile walishindwa nini kuuliza baharia mmoja?

Basi sijui niwape nini. Nikikumbuka zile dakika arobaini nasema tatu. Nikikumbuka ule mstari mmoja wa jibu nasema moja, na hiyo moja ni ya aliyerekodi sona. Ukipenda Atlantiki ya wazi, nunua, utafurahi. Ukipenda pwani, subiri warekebishe sakafu. Faili yangu ya pale kwenye mita 32 bado ninayo, na kila toleo jipya likitoka ninaifungua kwanza, najaza tangi polepole, nasikiliza mkuku.