Silikoni au tyubu ya baiskeli: tairi lipi kwa roboti ya sumo?

Katika sumo ya roboti, roboti mbili husukumana hadi moja itoke nje ya ulingo. Kwa daraja la roboti ndogo, zisizozidi gramu 500 na sentimita 10 kwa 10, huwezi kuongeza uzito upendavyo ili magurudumu yashike. Mota iwe na nguvu kiasi gani, tairi likiteleza unasukumwa nje. Ndipo ubishi wa silikoni au tyubu unapoanza.

Kwa mshiko, silikoni laini iliyo safi inashinda, tena kwa mbali. Kazi ni kuitunza. Inanasa vumbi upesi, na ikishachafuka huteleza, kwa hiyo lazima uifute kwa spiriti au uibandike selotepu na kuibandua kabla ya kila pambano. Gundi za kawaida haziishiki. Wengi huimimina kwenye kalibu ikagandia rimu yenye mifereji. Soma kanuni pia: mashindano mengi huweka roboti juu ya karatasi ya A4 kisha huinyanyua, na karatasi ikinyanyuka nayo, tairi limekataliwa.

Tyubu kuukuu utaipata kwa fundi baiskeli kwa bei ya chini au bure. Ikwaruze kwa msasa, ikate, ibandike. Ikichakaa weka nyingine. Haisukumi kama silikoni, ila vumbi haliisumbui sana.

Timu yenye mtu wa kufuta magurudumu siku nzima, na inayotaka ubingwa, ichukue silikoni. Klabu ya shule inayofanya mazoezi kila siku kwenye sakafu ya vumbi ningeishauri ianze na tyubu, fedha ziende kwenye betri na vihisi.