Shule ya "elimu jumuishi" iliyokamata vikinga masikio vya mwanangu: uzoefu wangu

Nyota moja. Nilitaka kuacha bila nyota kabisa ila haikubali, kwa hiyo hiyo moja ni ya mlinzi wa getini, nitamfikia.

Jina la shule silitaji kwa sababu mwanangu bado yumo humo. Ndiyo, bado yumo, subirini kunishangaa. Ni shule binafsi ya msingi hapa Dar. Getini wana bango kubwa kuliko la benki: ELIMU JUMUISHI, KILA MTOTO ANAWEZA, na picha ya binti kwenye kiti mwendo anacheka. Ada na masomo sivizungumzii, ukipiga simu watakutajia vyote na kukubembeleza juu. Gari linakuja kwa wakati, wali wao hauna mchanga. Nilichokuja kusema hapa ni king'ora.

Mwanangu ana miaka tisa na ana usonji. Kuongea anaongea, ila mara nyingi anaongea kikonda. Muulize umekula nini, atakujibu "Gongo la Mboto, Gongo la Mboto, sogea nyuma kuna nafasi," na sauti ya konda kabisa mpaka abiria mwenye pupa angepanda. Hesabu anazijua kuliko mimi mama yake. Kitu kinachomvunja ni sauti kali inayokuja bila taarifa. Sisemi kelele, watu wengi wanachanganya hapo. Sisi tumepanga ukuta kwa ukuta na fundi wa kuchomelea mageti, mashine inalia kutwa nzima, naye analala fofofo. Ni ile ya ghafla. Kwake ni kama mtu kakumwagia maji ya moto mgongoni umejilalia zako.

Sasa tulipoanza pale, kengele yao ilikuwa ringi ya gari, imening'inizwa kwenye mwarobaini, babu mlinzi anaigonga na kipande cha nondo. Darasa la mwanangu madirisha yake yanatazama ule mwarobaini. Akawa anamwona babu anainuka kwenye stuli, anajivuta suruali, anaokota nondo, anatembea taratibu na mguu wake mmoja unaomsumbua. Mpaka afike chini ya mti, mtoto kashaziba masikio yake na anacheka peke yake. Ngo! Basi. Mwaka mzima sikuitwa shule hata siku moja. Hakuna mtaalamu aliyekuja kuipanga ile, hakuna semina, hakuna mfadhili.

Halafu wakanunua king'ora cha umeme. Kinajilia chenyewe kila baada ya dakika 40, kipindi kikiisha, na mahali pote pa ukuta walipokuwa nao wakakifunga juu ya mlango wa darasa la tatu. La mwanangu. Kikao cha wazazi tulipigia makofi, na mimi nikapiga, mjinga mimi.

Siku ya kwanza alirudi kajikojolea. Siku ya pili vilevile. Wiki iliyofuata, au ile nyingine, sikumbuki, akaanza kuvua viatu asubuhi gari likipiga honi nje, navalisha huku navuliwa kule. Nikaenda Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, nikanunua vile vikinga masikio wanavyovaa mafundi wa mashine kubwa. Elfu 25 baada ya kuvutana. Havina waya, havina betri, havipigi muziki, ni plastiki na sponji. Nikamwandikia mwalimu wa darasa barua, nikaambatanisha na karatasi ya daktari. Siku tatu amani.

Siku ya nne, mstarini asubuhi, mwalimu wa taaluma akamfuata mtoto, akavivua kichwani mbele ya shule nzima, akasema, "Hapa siyo studio." Watoto wakacheka. Wakiwa bado wanacheka king'ora kikalia. Mwanangu akatoka mbio mpaka getini, akajibana nyuma ya pipa la taka, na ndiko babu mlinzi alikomkuta.

Nilipigiwa simu kazini, nikafika na bodaboda. Ofisini nikasalimia mara mbili. Mwalimu wa taaluma anasahihisha madaftari, kichwa hainui, kiti hanikaribishi. Nikakaa mwenyewe.

"Mama, hapa kwetu watoto wote ni sawa," akasema. "Nikimruhusu wako, kesho watoto mia nne watakuja na vya kwao."

"Mwalimu, hao mia nne wana usonji?"

"Tukianza kuchagua nani avae nani asivae, huo ndio ubaguzi wenyewe. Sisi ni shule jumuishi."

Alisema hivyo huku amevaa miwani. Nilitamani niinuke niivue, niitie kwenye droo yake, nimwambie endelea kusahihisha, hapa watu wote ni sawa.

Na huyu ndiye anayesajili watoto wa mtihani wa taifa! Anajua fika kwamba Baraza la Mitihani lenyewe huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Mbona hajawaandikia Baraza kwamba wanabagua? Jioni shemeji yangu, ambaye ni wakili, akanisomea kwenye simu. Kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, nchi yetu iliuridhia 2009, na 2010 tukatunga sheria yetu wenyewe. Ule mkataba unasema kumnyima mtu marekebisho anayoyahitaji, yasiyomwelemea mwingine kupita kiasi, huko nako ni ubaguzi. Kumbe neno mwalimu alikuwa nalo, kalishika kichwa chini miguu juu. Na marekebisho yenyewe ni elfu 25, nimelipa mimi!

Ngoja, sijamaliza. Kuvipata vile vikinga nikaambiwa nikasaini daftari la vitu vilivyokamatwa. Nikaletewa bahasha ya kaki. Juu yake imeandikwa kwa kalamu nyekundu: SIMU NA VIFAA VYAKE, 1. Humo kwenye droo vilikuwa pamoja na gololi, kisu cha kuchongea penseli na simu ya kitochi. Nikatajiwa na faini ya elfu 10. Sikulipa. Wakinisoma hapa wajue sitalipa.

Nikiwa natoka ndipo nikauangalia vizuri ule mteremko wa viti mwendo wanaoupiga picha kila tangazo. Ngazi zao zinafika kama nusu mita kwenda juu. Fundi yeyote anayejua kazi atakwambia kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za kwenda mbele, maana yake ulitakiwa urefu wa mita 6. Wa kwao niliupima kwa hatua zangu, haufiki mita 2. Ni wa kuteleza watoto mapumziko. Juu yake kumewekwa chungu cha maua.

Kwa hiyo msipeleke watoto wenu. Niliandika hivyo siku ileile, nikafuta, na sasa nawaambieni kwa nini nilifuta.

Mwalimu wake wa darasa ni binti mdogo, kasomea elimu maalumu Patandi, kule Arusha. Barua yangu ndiye aliyeipokea, na kumbe alipoifikisha juu aliambiwa asijifanye mjuaji. Hakubishana nao. Akakata maboksi ya biskuti, akachora siku nzima ya mwanangu: mtoto anaandika, mtoto anakula, mtoto anapiga mswaki, na kila mahali king'ora kinapolia kachora mdomo mkubwa mwekundu umepanuka. Kazipanga kwa kamba ukutani, kitu kikipita mtoto anakigeuza mwenyewe. Na dakika mbili kabla ya mdomo mwekundu anamtuma: "Baba, nipelekee hili daftari kwa babu getini." Daftari halina kitu ndani. Nimelifungua, ni tupu, kurasa zimechakaa kwa kwenda na kurudi.

Kule getini babu analipokea kwa mikono miwili, anakagua kurasa tupu kama afisa wa forodha, anasema "sawa mkuu," anarudisha. Na ile ringi bado ilikuwepo mtini. Siku moja nimekaa kibandani kwake namsubiri mtoto, nikamwona anatazama saa yake ya mkono, anainuka, anaigonga pole sana, ngo, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya mgonjwa. Ndipo kule darasani king'ora kikalia. Nikamuuliza nani kakuagiza. Akasema, "Mwanangu, yule mjukuu haipendi ile ya ghafla. Na siye peke yake. Wapo wengine humo, tena na walimu."

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikaweka nyota nne. Ndiyo, mimi huyuhuyu. Mtoto alianza kuvaa viatu bila vita, akaongeza na ruti mpya, sasa tunashushwa Mbagala sebuleni. Watu wananiambia mhamishie Uhuru Mchanganyiko, shule ya serikali ambayo watoto wenye ulemavu na wasio nao wanasoma pamoja tangu enzi, na walimu wanaijua kazi. Naiheshimu sana ile shule. Ila kutoka kwangu ni daladala mbili asubuhi na mbili jioni, na humo ndani ya daladala nani atamwondolea honi? Halafu kule hakuna huyu binti wala huyu babu. Huwa najiuliza nalipa ada kwa shule au kwa watu wawili ambao mshahara wao sidhani kama unafika robo ya bango.

Basi nyota zilikaa nne mpaka juzijuzi. Mtoto karudi kajikojolea. Nikapiga simu, binti akanijibu kwa sauti ya chini, uongozi umepaka rangi uzio kwa ajili ya wageni, ringi imeng'olewa mtini kwa sababu inaharibu mandhari. Imepimwa na wa vyuma chakavu pamoja na madawati yaliyovunjika. Babu aliomba apewe, akaambiwa ni mali ya shule.

Kwa hiyo nimerudisha moja. Kesho huenda ikawa mbili, sijui, itategemea hasira nitakayoamka nayo. Mwalimu wa taaluma juzi alinisalimia "shikamoo mama," nikaitikia, sikuongeza neno.

Kibanda cha mlinzi kiko nje ya uzio, upande wa barabara, na kuna mti wa mkungu pale usio mali ya shule. Kama kuna mtu anajua gereji ya maeneo ya Tabata au Buguruni wanaouza ringi kuukuu, ya Fuso ingefaa zaidi maana ina sauti nzito isiyokwaruza, aniambie bei. Nondo babu anayo.