Ofisi ya Vibali Shangani, Mtwara: Kinachouzwa na Kisichouzwa

Ofisi hii ya uwakala huandaa maombi ya vibali vya kazi na ukaazi, na wateja wake wakubwa ni kampuni zenye wahandisi na mafundi wa Kichina Mtwara na Lindi. Upande wa kukagua karatasi inafanya kazi nzuri sana. Upande wa ushauri inahitaji kujirekebisha.

Tuanze na uzuri wake. Hawaanzi na fomu. Pasipoti, vyeti na mkataba huwekwa mezani pamoja, jina likasomwa herufi kwa herufi. Hapo ndipo maombi mengi ya Wachina hukwama. Chukua mtu wa ukoo wa Lü: pasipoti ya zamani humwandika LV, ya sasa LYU, na mfasiri wa cheti akaandika Lu. Mtu mmoja, majina matatu. Tena Wachina hutanguliza jina la ukoo. Mfasiri akilipeleka mwisho kwa mazoea yetu, mkataba unaonekana ni wa mtu mwingine. Ofisi hii humpeleka mteja kwa wakili aape kiapo cha majina kabla ombi halijaingizwa kwenye mfumo, haisubiri lirudishwe.

Kwenye vyeti nao wako makini. Mwenye shahada ya China kwa kawaida hupewa karatasi mbili, cheti cha kuhitimu masomo na cheti cha shahada yenyewe. Wengi huja na moja wakidhani inatosha. Hapa hudaiwa zote, pamoja na ripoti ya uhakiki ya CHSI, kituo cha China cha kuthibitisha vyeti vya elimu ya juu, ambayo hupatikana pia kwa Kiingereza. Fundi wa tanuri la saruji aliyepita chuo cha ufundi halazimishwi kuonekana msomi wa shahada. Anaombwa barua za waajiri zinazotaja mtambo gani aliuhudumia na kwa muda gani. Mhandisi huelekezwa mapema Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwa usajili wa muda.

Herufi za madaraja ya vibali huwachanganya hata maafisa utumishi wazoefu. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, kwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015. Cha ukaazi ni cha Uhamiaji. Mtaalamu wa gesi pale Madimba huombewa kibali cha kazi daraja B, mwenzake wa kiwanda cha saruji daraja C, ilhali ukaazi wao wote wawili ni daraja B. Hapa wanalieleza vizuri, na wanaliandika kwenye karatasi ya mteja.

Sasa kasoro. Mpango wa kurithishana kazi, yaani maelezo ya jinsi Mtanzania atakavyoandaliwa kuishika nafasi ya mgeni, wanaunakili kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine: "Mtanzania atafundishwa ndani ya miaka miwili." Mtanzania yupi? Mpango wa maana humtaja kwa jina, elimu yake, atakachojifunza kila robo mwaka, na siku atakayokaa kwenye kiti chenyewe. Hili linatuuma. Kijana aliyetoka VETA Mtwara anastahili kuandikwa kama mrithi halisi, asiwe sentensi ya kujazia ukurasa, na ombi lenyewe hudhoofika bila hilo.

Ushauri wao kuhusu viza ya biashara ni wa hatari. Wanasema mgeni aingie nayo, dola 250, halafu "tutabadilisha hapa hapa". Viza hiyo ni ya siku zisizozidi 90, inamfaa anayekuja kufunga mtambo au kuutengeneza kisha aondoke. Mwenye mkataba wa miaka miwili akiitegemea, siku zake huisha ombi likiwa bado linashughulikiwa.

Halafu kuna lile bango la "ukaazi wa kudumu". Lishushwe. Vibali vya ukaazi vina madaraja matatu, A, B na C, na vyote vina tarehe ya kuisha. Kinachobaki ni uraia wa tajnisi, yaani ule mgeni anaouomba na kupewa: miezi 12 mfululizo nchini kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo, jumla isiyopungua miaka 7, pamoja na kujua Kiswahili au Kiingereza. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, na Sheria ya Uraia ya China ya 1980 nayo haiutambui. Kwa hiyo akiupata uraia wetu ameupoteza wa kwao, na kwenda kuwaona wazazi ataomba viza kama mgeni. Mteja aambiwe haya kabla hajatoa hata senti.

Malipo yao ni safi. Ada ya serikali unailipa mwenyewe kwa kumbukumbu namba, na ujira wao una risiti yake.

Walioko Ruangwa au Lindi mjini wasitume pasipoti halisi kwa basi. Skani iliyo wazi inatosha kuanzia ukaguzi, kila hati faili lake. Wanaohuisha waanze miezi mitatu kabla kibali hakijaisha, na atakayebadili mwajiri ajue kibali cha zamani hahami nacho.

Nyota 3 kati ya 5. Bango likishuka, 4.