Rijksstudio na picha za Jan Steen: uzoefu wangu

Nyumbani kwangu tuna watoto wanne na mama mkwe, na ikifika saa moja jioni hakuna anayemsikia mwenzake. Ndiyo maana nilimpenda Jan Steen tangu picha ya kwanza. Alikuwa mchoraji wa Leiden, Uholanzi, akafariki mwaka 1679, na mpaka leo Waholanzi wakikuta nyumba iko shaghalabaghala husema hiyo ni nyumba ya Jan Steen.

Picha zake kadhaa ziko Rijksmuseum, Amsterdam. Tangu 2012 makumbusho hayo yana huduma ya mtandaoni iitwayo Rijksstudio: unatafuta picha, unaikuza, unaipakua bila kulipa hata senti. Kazi za karne ya 17 hazina tena hakimiliki, kwa hiyo kuchapa ukatundika ukutani ni ruhusa.

Niliyoanza nayo ni "Het Sint-Nicolaasfeest", aliyoichora kati ya 1665 na 1668. Ni sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, ambapo watoto huweka viatu usiku wakitumaini kukuta zawadi asubuhi. Binti mdogo amekumbatia mwanasesere wake, mama anamnyooshea mikono naye hataki kumpa. Mikate na biskuti zimezagaa mpaka sakafuni. Kaka mtu analia, kwa sababu kiatuni mwake mmekutwa vijiti vya kuchapia, na dada yake ndiye aliyekishika kile kiatu ili wote wakione. Mdogo wao amesimama mbele, anamnyooshea kidole huku akicheka.

Kwenye skrini ya simu nilidhani picha inaishia hapo. Mwanangu wa miaka saba ndiye aliyeikuza kule nyuma, penye giza, akauliza, "Bibi, na huyu nani?" Mama mkwe akavaa miwani. Kuna mwanamke mzee karibu na pazia la kitanda, anaita kwa kidole. "Ni bibi yao," akasema. "Anamwita huyo anayelia. Kuna kitu kamfichia." Nikaitazama upya picha nzima. Bila huduma inayokuza namna hii bila picha kufifia, nisingemwona yule bibi, na ningebaki nikidhani mchoraji alitaka tu tumcheke mtoto.

Kasoro zipo. Faili ni zito, bando langu la siku liliisha kabla halijashuka lote, kwa hiyo tafuta Wi-Fi. Maelezo yapo kwa Kiholanzi na Kiingereza, Kiswahili hakuna. Andika jina la picha kwa Kiholanzi kama nilivyoliandika hapa, utaipata upesi.

Kuchapa nako kuna mtihani wake. Duka la kwanza waliivuta picha ili ijaze karatasi ya A3, watu wote wakawa na nyuso ndefu. Picha halisi ina sentimita 82 kwa 70.5, haiwezi kuenea A3 bila kuharibika. Waambie waiache kama ilivyo, ibaki nafasi nyeupe ya karibu sentimita 4 juu na chini. Duka la pili walinielewa, ikatoka safi, na mpaka wekundu wa mashavu unaonekana.

Ipo nyingine, "Het vrolijke huisgezin" ya 1668. Baba ameinua glasi anaimba, bibi na mama wanaimba, na watoto nao wanavuta kiko na kunywa. Upande wa kulia imening'inia karatasi yenye methali ya Kiholanzi: wanavyoimba wazee ndivyo wanavyopuliza vijana. Neno hilo la kupuliza kwao ni la filimbi na la kiko vilevile. Mama mkwe nilipomfafanulia alijibu papo hapo, "Mwana hutazama kisogo cha nina."

Hiyo nitaichapa mwezi ujao, kubwa zaidi, A2. Ya yule bibi iko juu ya meza ya chakula, na mwanangu kila mgeni akija humpeleka pale akamwonyeshe kile kidole.